Uwanja wa Wasiofanya Kazi

Palikuwa na Sultani aliyewaonea maskini wake huruma kupita kiasi. Mtaa wa Mvinjeni ulipojaa maghorofa ya matajiri, aliuzungushia ukuta uwanja pekee uliobaki, akapiga mbiu: "Maskini huchota maji, hutwanga, hubeba magunia. Mazoezi wanayo mpaka yanawazidi. Kuanzia leo uwanja huu ni wa watu wasiofanya kazi yoyote, maana hao ndio wenye shida."

Matajiri wakaisikitikia shida yao, wakaingia.

Mtaani hapo aliishi Mwanakheri, aliyetwanga nafaka za watu, na mumewe Mwinyikondo, aliyepooza upande mmoja. Mganga alikuwa amesema: atembee kila siku mahali tambarare, la sivyo mguu utakufa kabisa. Nje ya ukuta palibaki mawe, mitaro na punda. Basi Mwanakheri akamshika mumewe mkono, wakaenda langoni. Walinzi wakawazuia.

Mara Sultani akafika, amekaa kwenye machela mabegani mwa wachukuzi wanne, tayari kwa mazoezi yake ya asubuhi.

"Wewe mwanamke, hukuisikia mbiu?"

"Niliisikia, Maulana. Ndiyo iliyotuleta."

"Imewaletaje?"

"Umesema uwanja ni wa wasiofanya kazi. Mume wangu hajagusa kazi tangu mwezi wa Mfunguo Tatu. Analishwa, anaogeshwa, anavishwa. Nionyeshe humo ndani tajiri anayemshinda."

Wachukuzi wakacheka. Machela ikayumba.

"Huyo ni mgonjwa!"

"Na hao wengine, Maulana, si umesema wana shida?"

"Wana majumba ya mawe!"

"Mbiu haikutaja majumba. Au ipigwe upya, safari hii iseme kweli?"

 Neno la Sultani halirudi nyuma, na mji mzima ulikuwa umelisikia. Sultani akafikiri, kisha akatabasamu.

"Vyema. Mumeo aingie. Lakini wewe unatwanga, wewe ni mtu wa kazi. Mwachie mkono aende peke yake. Mtu wa kazi hakanyagi humu, hata kwa kumsindikiza mwenye haki."

Mwanakheri akautazama mguu wa mumewe ukitetemeka. Akamwegemeza ukutani, taratibu, mpaka akatulia. Kisha akawageukia wachukuzi.

"Mmesikia, ndugu zangu? Mtueni Maulana hapa hapa."