Mkuyu wa Bi Kazija

Bwana Shaali, tajiri wa kijiji, alijenga ukuta wa mawe ukaifunga njia ya kisimani. Jirani yake, mjane Bi Kazija, akamwomba aache japo mlango.

"Zunguka!" akajibiwa.

Bi Kazija akaona mche wa mkuyu umechipua kwenye ukuta ule. Akangoja watu watoke msikitini, ndipo akasema, "Basi, bwana, nipe hicho kimche."

Bwana Shaali akaangua kicheko. "Chukua! Kitu chenyewe cha kung'oa kwa vidole viwili."

Lakini Bi Kazija hakuung'oa. Kila asubuhi aliumwagilia kata ya maji, na tajiri akimcheka kutoka barazani.

Mwaka wa sita mizizi ilikuwa minene kama mapaja, na ukuta umepasuka juu hadi chini. Bwana Shaali akaja na shoka.

"Mti wa nani huo?" akauliza Bi Kazija.

"Wako," wakajibu wazee waliokuwepo siku ile. Kijijini pale ardhi huweza kuwa ya huyu na mti wa yule, na mti wa mtu haukatwi bila idhini yake.

"Niuzie, bi mkubwa."

"Siuzi. Nipe mlango, uukate."

"Mlango wapi?"

"Hapo hapo palipopasuka. Mkuyu umeshakuanzia kazi."

Mlango ulipokwisha, Bi Kazija alipita na ndoo yake kichwani. Akamkuta Bwana Shaali amechutama chini ya ukuta uliobaki, akikagua jiwe baada ya jiwe, anang'oa hata majani kwa vidole viwili.