Zimwi Lililokula Ndoto

Paukwa!
Pakawa!
Shika sikio!
Nimeshika!
La nani?
Langu mwenyewe!

Vizuri. Msisahau mlivyojibu.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha wakulima wa mpunga. Mpunga ukianza kuiva, ndege huja kama wingu. Watu hupanda dunguni, kwenye kichanja kirefu, kutwa kucha wakiwafukuza kwa kelele na mawe.

Siku moja likaja zimwi. Jicho moja, tumbo kama ghala. Likasema, "Ndege nitawafukuza mimi. Nipeni ndoto za watoto."

Wazee wakacheka. "Ndoto tu? Hazipikwi wala hazivaliwi. Chukua!"

Watoto hawakuulizwa. Hata mmoja!

Basi zimwi likapanda dunguni. Kila watoto walipolala, ndoto zao ziliwatoka masikioni kama moshi wa ubani, zikaelea polepole juu ya mpunga, zikaingia kinywani mwa zimwi. Watoto wakaamka wazito. Hawakucheza. Hawakuimba. Hawakurefuka.

"Siku hizi wana adabu," wazee wakasema.

Adabu gani! Mtoto asiyecheza ni mgonjwa.

Palikuwa na msichana, Siwema, mwenye mdogo wake mchanga aitwaye Chande. Chande alikuwa hajatimiza arobaini, hajatolewa nje. Na asiyetolewa nje hahesabiwi kijijini, kwa hiyo zimwi halikumjua. Siku ya thelathini na tisa, adhuhuri, Siwema akamwona anacheka usingizini.

"Mama, anachekea nini?"

"Anaota, mwanangu."

"Na kesho akitolewa nje?"

Mama akainamisha kichwa. "Kesho atahesabiwa."

"Huyu hachukuliwi!"

Mbio hadi mpungani. "Zimwi, shuka!"

"Nani wewe, kijukuu cha panzi?"

"Mwenye mali. Ndoto zangu ulipewa na nani?"

"Na wazee wenu."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Na za wenzangu, uliwauliza?"

"Sikuwauliza."

"Na mdogo wangu Chande, akihesabiwa kesho, utamuuliza?"

Zimwi likajikuna. Mazimwi hula watu, lakini hayasemi uongo. Afadhali yao. "Sitamuuliza."

"Basi unakula cha wizi. Kitapike!"

"Kitu cha mtu hutoka mwenyewe akikitaja. Taja ndoto yako!"

Siwema akafungua kinywa. Hakukumbuka kitu. Zimwi likacheka mpaka dungu likayumba.

Basi akarudi nyumbani, akalala ubavuni pa Chande, kichwa kwa kichwa. Ndoto ya mtoto ikammiminikia taratibu, vuguvugu kama maziwa. Maziwa... Maziwa yakinyesha juu ya mapaa! Akakumbuka ndoto yake mwenyewe.

Akarudi mpungani. "Ng'ombe wa buluu anayepaa, anayenyeshea mapaa maziwa! Ni wangu!"

Tumbo la zimwi likanguruma. Ng'ombe wa buluu akatoka kinywani, akapaa juu ya kijiji. Watoto wakatazama juu, matone ya maziwa yakawaangukia usoni, nao wakakumbuka.

"Mto unaoimba! Ni wangu!"

"Nyumba yenye miguu! Ni yangu!"

"Bibi yangu, amekuwa mdogo kama mimi! Ni wangu!"

Ndoto zikatoka, na zimwi likanywea. Likawa kama mbuzi. Likawa kama panya. Likawa kama punje ya mpunga. Ndege mmoja akatua, akalidonoa, akaenda zake.

Kesho yake ikawa siku ya Chande kutolewa nje. Wazee wakaja wameinamisha nyuso. Mkubwa wao akanyoosha mikono ambebe.

"Babu," akasema Siwema, "kwanza muulize."

"Nimuulize nani? Huyu asiye na jino?"

"Huyo huyo."

Mzee akapiga magoti, magoti yakalia ko! "Bwana mdogo, tukutoe nje?"

Chande akacheka, macho wazi. Wakamtoa. Kisha wazee wakachukua kombeo zao, wakapanda dunguni wenyewe.

Cha mtoto ni cha mtoto. Ukikitaka, muulize, akikataa, kiache.

Hadithi yangu imeishia hapo. Atakaye nyingine, akalale aote yake.