Pimbi Alivyomkanda Mamba Taya

Paukwa.

*Pakawa.*

Pakawa na nini?

*Msimuliaji ni wewe, tuambie wewe.*

Nikitia chumvi je?

*Tia, ila usimwage.*

Haya. Zamani hizo palitokea kiangazi ambacho hata mawe yaliona kiu. Mto ukakauka, likabaki bwawa moja tu chini ya majabali. Na ndani ya bwawa alikaa nani? Mamba. Mkubwa huyo, mnene huyo, na mdomo wake ukifunga, kap, mfupa wa nyati unakuwa unga.

Mamba akaweka sheria. Kila anayekunywa aache mtoto mmoja. Swala akaja, akaisikia sheria, akarudi na kiu yake. Ngiri akaja, akaisikia sheria, akarudi na kiu yake. Kanga akaja na vifaranga wake, akavumilia, akavumilia, mwisho akaacha mmoja. Kap! Kanga akanywa maji huku analia. Sipendi kusimulia sehemu hii, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa juu ya majabali aliishi Bi Pimbi na watoto wake watatu. Pimbi mnamjua: kimo chake cha sungura, pembe hana, mkia wa kujisifia hana. Kazi yake ilikuwa kukanda. Mnyama akiteguka mguu, anaitwa yeye. Mnyama akikakamaa mgongo, anaitwa yeye. Anakuja na kikapu chake, ndani mna kibuyu cha mafuta ya nyonyo na kamba laini za mgomba. Kamba za nini? Za kumfunga mgonjwa. Mkandaji anayejua kazi hamwachi mtu hivihivi. Akimaliza kukanda anapafunga mahali pale, mafuta yaingie na mgonjwa asijitikise.

Siku moja watoto wa Bi Pimbi waliacha kulia kiu. Mtoto akilia, mama anachoka. Mtoto akiacha kulia, mama anaogopa. Bi Pimbi akabeba kikapu chake, akateremka nao, akawaficha nyuma ya jiwe, akamwendea Mamba.

Akamkuta amelala ukingoni, kichwa upande, anagumia. Jana yake alikuwa amempata Kobe. Akauma, kobe mgumu. Akauma tena, kobe mgumu. Tamaa ikamzuia kumwachia, akauma tangu asubuhi mpaka jioni. Kobe akatoka mzima, akaenda zake polepole. Mamba akabaki na taya linalouma.

"Shikamoo, Bwana Mamba."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Bi Pimbi akasema yupo, tena mnono, lakini kwa taya lile atatafunwaje? Afadhali akande kwanza, mambo ya mtoto yafuate. Mamba akafikiri. Kufikiri hakukuwa kazi yake, kwa hiyo hakukawia. Akakubali.

Bi Pimbi akapanda juu ya shavu la Mamba, akapaka mafuta.

"Uma meno," akasema.

Mamba akauma. Msuli wa shavu ukajikunja, ukawa mfupi, ukavimba kama kiazi kikuu.

"Legeza."

Mamba akalegeza. Msuli ukarefuka, ukatulia.

Kanda, kanda, chwa, chwa. Uma, legeza. Kanda, kanda, chwa, chwa. Uma, legeza. Mamba akaanza kusikia raha, akauliza hivi huo msuli unafanyaje hata taya likatembea. Wakubwa wakikandwa huwa wadadisi.

Bi Pimbi akamweleza huku mikono inaendelea. Msuli, akasema, unajua kitu kimoja tu: kuvuta mfupa. Unajikunja, mfupa unafuata. Kuusukuma mfupa urudi ulikotoka, hauwezi, hata ukiupiga viboko. Kwa hiyo kila msuli una mwenzake upande wa pili. Huu ukivuta, ule unalegea. Ule ukivuta, huu unalegea. Mguu unaenda hivyo, mkia unaenda hivyo, shingo inageuka hivyo. Yote miwili ikivuta kwa pamoja kwa nguvu sawa, mwenyewe anakauka kama gogo.

"Na mimi mwenzake wa huu uko wapi?" Mamba akauliza.

"Fungua mdomo."

Mamba akafungua. Bi Pimbi akapapasa huku, akapapasa kule, mpaka nyuma kabisa ya taya. Akaukuta. Mwembamba, mlegevu, kama mlenda uliopoa.

"Ndio huu. Wa shavuni unafunga, huu unafungua. Niukande na wenyewe?"

Mamba akacheka, ha, ha, pembezoni mwa mdomo. Akasema msuli wa kufungua una kazi gani? Nani amewahi kumwogopa mamba kwa kufungua? Nyati wamekufa kwa kufunga. Mafuta yote yaende shavuni, mvivu yule asipewe hata tone.

"Umesema mwenyewe, Bwana Mamba?"

"Nimesema. Maliza upesi, nina njaa."

Mpo?

*Tupo!*

Basi Bi Pimbi akamwaga mafuta yote shavuni. Kanda, kanda, chwa, chwa. Kisha akatoa kamba za mgomba. Akamwambia afunge mdomo vizuri, kama desturi ilivyo, mafuta yaingie. Mamba akafunga. Nani atabishana na mkandaji wake? Bi Pimbi akazungusha kamba, zungu, zungu, akakaza fundo chini ya kidevu. Akaruka juu ya jiwe.

"Wanangu, njooni mnywe."

Watoto wakatoka. Mamba akawaona, watatu, wanono, wako karibu. Akataka kufungua mdomo. Mmm! Haufunguki. Akajaribu tena. Mmm! Haufunguki. Akaita nguvu zake zote, na nguvu zake zote zilikuwa shavuni. Msuli wa shavu ukavimba, ukatetemeka, ukavuta, na kadiri ulivyovuta ndivyo mdomo ulivyozidi kujifunga.

"Bwana Mamba," Bi Pimbi akamwambia, "huo unaoutumia ni wa kufunga. Wa kufungua ni ule uliounyima mafuta."

Mamba akajaribu kuvuta kamba kwa mikono, mikono mifupi, haifiki. Akapiga mkia, chubwi kulia, chubwi kushoto, maji yakaruka, watoto wakarudi mbio nyuma ya jiwe. Bi Pimbi akasubiri. Misuli ikifanya kazi bila kupumzika huchoka, nao mkia ukachoka, ukalala. Watoto wakatoka tena. Wakanywa, gu, gu, gu. Wakaja Swala na Ngiri, wakanywa. Akaja Kanga na vifaranga waliobaki, akanywa, safari hii akiwa amesimama juu ya kichwa cha Mamba. Akajisaidia hapohapo, akaondoka.

Mvua ilipokuja, kamba za mgomba zikaoza majini, Mamba akapata mdomo wake. Lakini mto ulishajaa, maji yako kila mahali, nani tena amsikilize na sheria yake? Akajikokota mpaka chini ya majabali, mwembamba wa kuhurumiwa, akamwomba Bi Pimbi amweleze afanyeje ule msuli mvivu upate nguvu.

Bi Pimbi, akiwa juu kabisa, akamjibu kwamba dawa ni mazoezi. Alale ukingoni juani, afungue mdomo, aache wazi hivyohivyo, kila siku, mpaka atakaposikia nguvu.

Mkipita mtoni mtamwona. Amelala, mdomo wazi, anafanya mazoezi. Bado hajasikia nguvu.

Ngano yangu nimeifunga hapa. Mwenye nguvu za kuifungua aje yeye.

Na funzo lake? Funzo lake, wanangu, ni kwamba sheria ya mkubwa haivunjwi, na mdogo akiingiza mikono kwenye taya la mwenye nguvu, ataangamia yeye na kizazi chake. Kama hamniamini, pandeni jabalini mkawaulize watoto wa Bi Pimbi. Wote watatu wapo.