Fisi Alivyoziba Ufa kwa Ugali

Wasikilizaji wangu, mpo?

Tupo!

Niutue mzigo wangu?

Utue, tuufungue!

Hapo zamani za kale, zamani sana, Fisi alikuwa na manyoya safi yasiyo na doa hata moja. Usinitolee macho, wewe. Sikiliza.

Fisi alikuwa na tishari, chombo kipana cha kubebea mafuta meusi. Desturi ya pwani ile ilikuwa hivi: chombo hakiondoki mpaka Mzee Kaa akigonge ubavuni mara tatu kwa gando lake, asikilize.

Siku moja Kaa akagonga. Ko. Akagonga. Ko. Akagonga. Pwa.

"Bwana Fisi, kuna ufa hapa juu ya maji. Usiondoke mpaka fundi aje kesho asubuhi."

"Mzee wangu, wateja wananingoja."

Kasa alikuwa karibu, akasikia. "Kaka, nimefukia mayai mia pale mchangani. Siku ya saba wanangu watatoka, na njia yao ni maji haya haya. Nakuomba, msikilize Mzee."

"Usiwe na wasiwasi, dada. Ufa nitauziba."

Na kweli akauziba. Kwa kitu gani? Kwa ugali! Alisonga ugali mgumu, akaukandika kwa nje, akaondoka wakati Kaa amekwenda kula.

Katikati ya ghuba njaa ikamshika. Mnamjua Fisi na njaa. Akainama, akamega tonge. "Umebaki mwingi," akasema. Akamega la pili. "Bado umebaki." Akamega la tatu, na mafuta yakaanza kumwagika baharini.

Maji yakawa meusi. Samaki wakakimbia. Mafuta yakasogea polepole kuelekea kwenye mayai, na Kasa akalia mpaka Kaa akaja mbio.

"Tumwage mchanga juu yake, yazame," akasema Fisi.

"Yazamie kwenye majani ninayokula?" akauliza Kasa.

"Basi tungoje maji kupwa yayachukue."

"Maji yakipwa hujaa tena," akasema Kaa. "Kwanza ziba ufa, kwa ubao. Kisha tufunge makumbi ya nazi kwenye kamba ndefu, tuyazungushie mafuta yasisambae. Kisha tuyachote."

Wakafanya hivyo. Makumbi yakaelea, yakayazuia mafuta, yakayanyonya. Fisi akachota kwa vifuu, akabeba mgongoni, akapeleka kwenye mapipa nchi kavu. Kila safari matone yalimwangukia mgongoni. Siku ya kwanza akachota. Ya pili akachota. Ya sita bado anachota, na hakuna aliyemhurumia.

Alfajiri ya saba bahari ilikuwa safi, ila utepe mmoja mweusi ulibaki mchangani. Na mchanga ukaanza kutikisika. Watoto wanatoka.

"Laiti tungepata siku moja zaidi," akasema Kaa.

Kasa akamtazama Fisi. "Lala hapo," akamwambia.

Fisi akalala kifudifudi juu ya ule weusi. Watoto wa kasa wakampanda mgongoni, mmoja mmoja, wakashuka upande wa pili, wakaingia majini. Kasa akawahesabu. Mia.

Fisi akaenda kuoga. Akajisugua leo, kesho, keshokutwa. Madoa hayakutoka, na anayo mpaka leo.

Fundisho ni hili: mkaguzi akikuambia ngoja, ngoja. Kungoja kungemgharimu Fisi siku moja tu.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Mwenye nguvu aubebe, awapelekee wa kwao.