Shanta la Twiga

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kanda ni mfuko wa kusuka, na usufi ni zile nyuzi laini za mti zinazojazwa kwenye mito. Hata ulishindilie kanda mpaka litune, mtoto atalibeba kwa mkono mmoja huku akiimba. Maana yake ni kwamba mtu akiitazama shida iliyo mgongoni mwa mwingine huiona nyepesi, kisha hushangaa kwa nini mwenyewe anahema. Methali hii sote tuliikariri darasani. Kuiamini ni kazi nyingine, kwani kila mmoja anapoisikia humfikiria jirani yake.

Katika nyumba moja ya vyumba vitatu waliishi dobi mmoja mjane na mkaza mwana wake, ambaye alikuwa fundi rangi. Aliyewaunganisha alikuwa mwana wa huyu na mume wa yule, fundi wa turubai aliyeshona mahema, vifuniko vya malori, mashanta ya kubeba mgongoni na mifuko ya kila aina. Watu walimwita Twiga kwa sababu hakuwahi kupita mlangoni bila kuinama. Cherehani yake nzito ilikaa chumba cha mbele na meza ya pasi ya mama yake ilikaa ukumbini, kwa hiyo nyumba ilinguruma na kutoa mvuke kutwa kucha. Mkewe alirudi jioni akiwa na madoa ya rangi mpaka kwenye kope, na mama mkwe hakuacha kumtania kwamba siku moja watamwanika kambani pamoja na mashuka.

Twiga alikuwa na ndoto moja. Wateja walimletea mahema yaliyochanika, yakiwa bado na matope, wakamsimulia habari za njia ya milimani, njia ya miguu inayochukua majuma matatu kuimaliza, mtu akibeba chakula chake, hema lake na matandiko yake mgongoni. Alimwambia mkewe kwamba wataitembea wawili. Mkewe alicheka.

"Watu wanatafuta gari ili wasitembee, wewe unashona shanta ili utembee?"

"Nashona mawili," alijibu Twiga. "La pili ni lako."

Basi walijiandaa. Walipanda na kushuka ngazi za jengo la ghorofa ambalo mkewe alikuwa akilipaka rangi, migongo ikiwa na mizigo ya mazoezi. Twiga alitupia matofali ndani ya shanta lake na kuyatoa alivyotaka. La mkewe alilifanyia heshima zaidi. Alilitia mchanga sehemu ya chini na kuufunika kwa kipande cha turubai alichokishona pande zote, ili usimgonge mgongo, na kila alipouongeza alifumua na kushona upya. Aliahidi kuutoa siku ya kuondoka. Naye mama yake alimshikia mikanda ya shanta lake mbele ya kioo, akiivuta na kuilegeza mpaka ikamkaa sawasawa mwanawe, mabega mapana na kiuno kilichokuwa juu kama cha mtu aliyepanda kigoda. "Hapo hapo, mama," alisema Twiga. "Hapo pasiguswe tena."

Asubuhi iliyofuata, mama alipompelekea chai, alimkuta ameinamisha kichwa juu ya cherehani. Alidhani amesinzia. Moyo wake ulikuwa umesimama, na shanta la mkewe lilikuwa mapajani mwake, limeshonwa na uzi umekatwa. Mkewe aliitwa akiwa juu ya ngazi, na aliacha brashi ikikaukia ukutani.

Msiba huunganisha watu kwa siku chache, halafu huwapima. Wale wanawake wawili walianza kuoneana kijicho cha ajabu, kila mmoja akimwonea mwenzake wivu kwa wepesi wa huzuni yake. Fundi rangi alirudi kazini mapema kwa sababu ukimya wa cherehani ulimtoa roho, na dobi aliona kwamba amekwisha kusahau. Dobi naye alipiga pasi na kupokea wageni bila kudondosha chozi mbele yao, na fundi rangi aliona kwamba hana uchungu. Maneno yalikuja kutoka siku moja juu ya jambo dogo, kikombe cha marehemu kilichogeuzwa kopo la sukari.

"Wewe bado kijana," alisema dobi. "Mume utapata mwingine. Mimi mwana nitamzaa wapi?"

"Wewe umebakiwa na mabinti wawili huko walikoolewa, mama," alijibu fundi rangi. "Mimi niliyekuwa naye ni huyo mmoja."

Wote wawili walijua kwamba wamekosea, na hakuna aliyeomba radhi. Fundi rangi alitafuta chumba upande wa pili wa mji na kutangaza kwamba atahama atakaporudi kutoka milimani. Dobi alisema vyema, nguo zake atazikuta zimekunjwa.

Safari yenyewe fundi rangi hakuwa tayari kuiacha. Kibali kilikwisha kutolewa, na kilikuwa cha watu wawili. Sheria ya njia ile haimruhusu mtu kuingia peke yake. Aliwaomba shoga zake, huyu akawa na mtoto mchanga, yule akawa na goti linalouma. Dobi alimsikiliza akibisha hodi kwa watu, kisha akaweka pasi chini.

"Nitakwenda mimi."

"Mama, ni majuma matatu ya kupanda milima."

"Nimesimama kwenye meza hii tangu hujazaliwa. Miguu ninayo. Na shanta la mwanangu nitalibeba mimi."

Hawakuwa na upendo katika mapatano hayo, bali ukaidi mtupu. Hata hivyo, fundi rangi alifunga mizigo kwa haki, au kwa alichokidhani kuwa haki. Katika shanta la Twiga, atakalobeba mama, alitia vitu laini: matandiko, nguo, masweta na hema bila fito zake. Katika lake alitia vizito: chakula, jiko la gesi, sufuria, maji na fito. Alipanga kuanzia katikati kwenda juu. Chini mkono wake haukufika.

Mlinzi wa lango la njia, mzee mwenye filimbi shingoni, alikagua kibali na kuwatazama kutoka juu mpaka chini. "Kibanda cha kwanza kiko nyuma ya mgongo ule wa mlima," alisema. "Mkiona hamfiki kabla ya jua kushuka, rudini. Kurudi si aibu." Kisha akalibonyeza shanta la dobi na kutabasamu. "Angalau mama umependelewa. Shanta lako limejaa pamba."

Dobi alilisogeza shanta begani.

Walianza kupanda. Fundi rangi alitangulia, mgongo umepinda, macho chini, na kila alipogeuka alimwona mama mkwe nyuma kabisa, akisimama, akijipangusa, akisimama tena. Hasira ilimpanda taratibu. Alimpa matandiko na masweta, vitu ambavyo angeweza kuviweka kichwani akaenda navyo sokoni, na bado anajikokota. Alijisemea kwamba mama anafanya makusudi, ili warudi, ili safari ya Twiga ife kama Twiga mwenyewe. Huko nyuma, dobi naye alimtazama msichana akikata mwinuko bila kupumzika na akasema moyoni kwamba huyu hatembei, huyu anakimbia matanga. Akifika juu atakuwa amemtupa mwanangu njiani.

Kwenye kijito fundi rangi alisubiri. Jua lilikuwa limekwisha kupita utosi, na mgongo wa mlima ulikuwa bado juu yao.

"Mama, kama hilo limekushinda, sema turudi."

Dobi alifika, akaegemea jiwe. "Nipe lako."

"La nini?"

"Nipe nilibebe, nikione hicho kinachokufanya ujione shujaa. Nawe beba hili la pamba."

Fundi rangi aliteremsha shanta lake, akachukua la mama kwa mkono mmoja. Kweli lilikuwa jepesi. Alilitupia mgongoni kwa dharau na kupiga hatua, na papo hapo likamvuta nyuma nusura aanguke kijitoni. Mkanda wa kiunoni ulining'inia mapajani. Mikanda ya mabega ilikuwa mirefu mno, ikayumba na kusaga pale pale penye mfupa, na ubao wa mgongoni ulimpiga nyonga kila alipoinua mguu. Alijilazimisha hadi kwenye kona ya njia, kisha akasimama. Alirudi, akamgeuza mama mkwe taratibu. Blauzi ilikuwa imegandamana na mabega kwa damu.

"Mama, umechubuka hivi tangu saa ngapi?"

"Si kitu."

"Mbona hukukaza mikanda? Ni kuvuta tu hapa." Alishika kifungo cha mkanda.

"Usiguse!" Sauti ya dobi ilikatika. Alikaa juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alilia mbele ya mtu. "Nilimshikia mimi mbele ya kioo. Hapo ndipo mabega yake yalipoishia. Ukivuta, hakuna tena mahali duniani palipoandikwa kwamba mwanangu alikuwa na mabega mapana hivi."

Fundi rangi alipiga magoti chini. Alikuwa amemtuhumu mama huyu kwa uvivu na kwa moyo mkavu, kumbe mama ametembea tangu asubuhi ndani ya umbo la mwanawe, likimchuna.

Baada ya muda dobi alijifuta uso kwa kanga na kulivuta shanta la pili ili waendelee. Halikuinuka. Alijaribu tena kwa mikono miwili, akashangaa. Sufuria na unga haviwezi kuwa na uzito wa namna hii. Alitia mkono ndani, akapapasa kupita chakula, kupita jiko, mpaka vidole vikagusa turubai ngumu na chini yake kitu kilichosogea kama nafaka.

"Kuna nini humu chini?"

"Mchanga," alisema fundi rangi, akitazama pembeni. "Ule wa mazoezi."

"Hukuutoa?"

"Alisema atautoa mwenyewe. Ile ndiyo kazi yake ya mwisho, mama. Nimeshika mkasi mara nyingi, na hata huku nimeubeba. Nikifumua, nimefumua alichokuwa akikishona."

Dobi aliitazama njia waliyoipanda, ndefu, yenye mawe, na kumkumbuka msichana akiipanda bila kupumzika. Kumbe hakuwa akikimbia. Aliogopa kwamba akisimama hatainuka. Dobi alimvuta akamkalisha pembeni yake, na wakakaa hivyo, mabega yakigusana, yale yenye damu na yale yaliyokufa ganzi.

"Mwanangu," alisema dobi hatimaye, neno ambalo hakuwa amelitumia tangu siku ya kikombe, "lete huo mkasi."

Alifumua yeye, mama aliyemfundisha Twiga kushika sindano. Hakukata ovyo. Aliuchomoa uzi kidogo kidogo, mshono baada ya mshono, mpaka ukatoka mzima, mrefu, mweusi, ungali umejikunja kwa kukumbuka mashimo ya turubai. Wakaumimina mchanga pembeni mwa njia. Halafu fundi rangi alitoa sindano kwenye mfuko wa dawa na kugawa ule uzi. Kwa kipande kimoja alitia alama kwenye kila mkanda wa shanta la Twiga, pale hasa palipokuwa na kifungo, mshono mdogo usiofutika.

"Hapo ndipo yalipoishia mabega yake," alisema. "Hapatapotea. Sasa nikaze?"

Dobi alifumba macho. "Kaza."

Alimvisha shanta na kukaza polepole, akimfunga mama mkwe kiunoni kama mtu anavyomfunga mtoto anayekwenda shule. Shanta likamkaa. Kipande kilichobaki cha uzi dobi alikizungusha kwenye kidole cha fundi rangi, juu ya pete. Wakajitwika, wakaendelea kupanda, safari hii bega kwa bega mahali njia ilipowaruhusu.

"Hicho chumba chako cha upande wa pili," aliuliza dobi walipokaribia juu, "kina dirisha?"

"Dogo."

"Nguo zitanuka unyevu."

Fundi rangi aliugusa uzi kidoleni. "Basi sitahama, mama."

Walikiona kibanda jua likiwa bado juu ya mlima. Walikuwa wamekaa nyumba moja na kufiwa na mtu mmoja, na bado kila mmoja alihitaji kujitwika shanta la mwenzake ndipo aamini kwamba lilikuwa na uzito. Hakika, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.