Mchunga Twiga katika Mji wa Wachina

Nianze, wajukuu zangu? Semeni: "Anza, bibi, masikio tumeyafungua!" Haya.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na kijana wa Pate, jina lake Shekuwe. Mfalme wa Pate alimpelekea mfalme wa Uchina zawadi ya twiga, na mchunga twiga alikuwa nani? Shekuwe. Wakaenda, wakaenda, hata wakafika. Twiga akaingizwa kasri. Shekuwe akaachwa nje, akaonyeshwa kwa ishara: ngoja merikebu ya kurudi.

Basi akakaa mjini. Mji gani ule! Mifereji mahali pa njia, na madaraja ya mawe yaliyobinuka. Wazee wakitembeza ndege vizimbani. Watu wakinywa maji ya moto juani! Mnacheka? Shekuwe naye alicheka, akageuka amwambie mwenziwe. Hakuna mtu. Kila akiona jambo, akageuka. Hakuna mtu.

Darajani palikuwa na mjane muuza tambi, Mama Lin. Kila Shekuwe akipita, humuuliza, "Chifan le ma?"

Siku moja Shekuwe akamuuliza baharia Mwarabu aliyejua lugha zote mbili, "Yule mama husema nini?"

"Anauliza kama umekula."

Shekuwe akawaka. "Ananiona mwombaji? Mimi, mtoto wa Pate?" Akahama njia, akawa anapita daraja jingine. Huko hakuna aliyemsemesha kabisa.

Homa ikamshika. Akalala peke yake chumbani, midomo imekauka. Mara mlango ukafunguliwa: Mama Lin, na bakuli linalofuka moshi. Kumbe alikuwa akimuulizia mtaa mzima!

"Chifan le ma?"

Shekuwe akageukia ukutani. Hapo jirani mmoja, mzee, akachungulia; Shekuwe akageuza shingo, akamwona mashavu yamejaa wali. Mama Lin akamuuliza yeye naye, "Chifan le ma?" Mzee akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

"Lahaula!" akasema Shekuwe. "Kumbe ndiyo hujambo yao!" Machozi yakamtoka. "Sijala, mama. Sijala."

Mama Lin hakuelewa hata neno. Akaketi, akamlisha.

Merikebu ilikuja, wanangu. Shekuwe akarudi Pate, akakuta mamake ameshazikwa. Watu wakamzunguka: "Tueleze kasri! Tueleze hariri!" Akaeleza, akaeleza. Hakuna aliyemuuliza nani alimlisha. Jambo hilo akakaa nalo moyoni hadi uzee wake.

Basi mkimwona mgeni apita peke yake, msemesheni. Akinuna, msemesheni tena.

Kisa nimekitua chini; mwenye mabega na akibebe.