Mfalme, Tangulia

Paukwa!

Pakawa!

Aa! Mnaitikia kama watu waliolala njaa. Tena nasema, Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe. Mwenye mume anayekoroma amfinye. Hadithi hii ina mfalme ndani yake, na mimi mambo ya wafalme sisemi mara mbili.

Hapo zamani za kale, kabla fisi hajajua haya, na mpaka leo hajajua, palikuwa na nchi iitwayo Bondeni. Mfalme wa Bondeni alikuwa Ngiri. Msiniulize ngiri aliupataje ufalme. Simba alikuwa amelala, tembo alikuwa safarini, kiti kilikuwa kitupu, ngiri akakaa. Basi! Meno yake yamepinda nje, uso umejaa chunjua, na akila majani hupiga magoti. Mfalme mzima anayapigia magoti majani! Lakini nani angecheka? Waziri wake alikuwa Fisi, na katika nchi ile aliyeruhusiwa kucheka alikuwa Fisi peke yake.

Bondeni alikuwako pia mwimbaji. Alikuwa Chura, na jina lake la ngomani Koromeo. Siku hizo, jamani, chura alikuwa na sauti! Laini, tamu, inateleza kama uji wa mtama uliotiwa asali. Swala wakioa, aitwe Koromeo. Kima wakitia watoto jandoni, aitwe Koromeo. Hata nyuki, watu wa fujo wale, akiimba Koromeo walitua kwenye matawi wakanyamaza.

Mpiga ngoma wake alikuwa Kobe. Ngoma hakuwa nayo. Alijipiga gamba mwenyewe: ko, ko, koko-ko! Ko, ko, koko-ko! Kuimba hakuimba kamwe. Alisema, "Sauti yangu mbovu, ndugu yangu. Imba wewe, mimi nipige." Wawili hao walikuwa wamekula sahani moja tangu utotoni, na hawakuwahi kugombana ila siku moja tu, kwa ajili ya nzi.

Basi, ng'ambo ya kijito palikuwa na kilima. Hapo waliishi nungunungu. Kilimani kulikuwa na mizizi minene, mitamu, na kila asubuhi Mfalme Ngiri aliitazama ile mizizi, udenda ukamtoka. Asubuhi moja akapiga kwato chini, pu! Akawaita wanyama wote.

"Nungunungu wametutukana!"

Swala mmoja mzee akauliza, "Mtukufu, wamesemaje?"

"Hawajasema kitu," akajibu Mfalme. "Hilo ndilo tusi lenyewe. Vita!"

Fisi akapiga makofi kabla neno halijaisha. Fisi anapenda vita. Katika vita vilivyopita walikwenda swala arobaini, wakarudi saba, na Fisi akarudi amenenepa. Mmesikia? Amenenepa. Na hakuna aliyeuliza amekula nini.

Fisi akasimama, akasoma amri. "Kima watabeba mawe. Swala watakwenda mbele. Na kwa kuwa miiba ya nungunungu ni mikali, kila swala atafungwa kobe mmoja kifuani, awe ngao yake."

Kobe akanyoosha shingo. "Bwana Waziri, na ngao itarudi?"

"Ngao nzuri hairudi," akasema Fisi. "Huzikwa kwa heshima." Akacheka. Alikuwa na ruhusa.

Kobe akaenda kwa Koromeo, akakaa kando ya dimbwi.  Koromeo naye alikuwa amekwisha kuisikia amri. Moyo ulimuuma, akakosa pa kutazama, akatazama maji.

"Siogopi kufa," Kobe akasema. "Muongo mimi. Naogopa sana."

Sasa sikilizeni desturi ya Bondeni. Vita havikwendwa bila ngoma. Mwimbaji aimbe, jeshi liitikie, ndipo miguu inyanyuke. Bila wimbo, hata siafu asingetoka shimoni. Kwa hiyo Fisi akafika dimbwini, akatoa sauti ya upole, sauti ambayo kwa fisi ni ya kuogopwa kuliko ya ukali.

"Koromeo, bwana wetu, fahari ya nchi! Tutungie wimbo. Uchemshe damu."

"Nitaimba," akasema Koromeo.

Siku ya ngoma ikafika. Wanyama tele, vumbi tele. Mfalme juu ya kichuguu, mkia umesimama wima. Kobe akaanza, ko, ko, koko-ko! Koromeo akajaza mashavu, akaimba:

*Mfalme, tangulia,*
*Mfalme, tangulia!*
*Vita vyako vitamu,*
*Onja wewe kwanza,*
*Sisi tutafuatia!*

 Kima mmoja akakohoa. Kisha swala mmoja akaitikia, polepole, "Mfalme, tangulia." Wakaitikia wawili. Wakaitikia kumi. Loo! Uwanja mzima! Wanaimba, wanacheka, wanapigana mabega. Watu wanaocheka hivyo hawaendi vitani, wanakwenda nyumbani kupika. Wakaenda nyumbani kupika.

Mfalme akabaki na Fisi juu ya kichuguu.

"Si kitu," akasema Mfalme. "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

"Ni kweli, Mtukufu," akasema Fisi. "Ila ng'ombe wenyewe wameshaondoka, na wanaimba."

Vita vikaahirishwa siku saba. Fisi akarudi dimbwini.

"Koromeo, Mfalme amekukumbuka. Kuna bwawa nyuma ya jumba lake. Lina mayungiyungi. Lina nzi wanene, wavivu, hawaruki, unawaokota tu. Litakuwa lako. Imba mambo ya mapenzi. Imba mambo ya mvua. Vita waachie wenye vita."

Sitaki kuwadanganya. Koromeo alimeza mate. Nzi wanene ni nzi wanene. Akauliza, "Na Kobe?"

"Kobe ana kazi yake ya kuwa ngao."

"Basi bwawa lako oga wewe," akasema Koromeo. "Unanuka."

Fisi akaondoka bila kucheka. Akamwambia Mfalme, "Wimbo huu tuupige marufuku." Akaitwa Hondohondo, mpiga mbiu wa nchi, ndege mwenye baragumu puani. Alikuwa mtumishi mwaminifu. Ukimwagiza neno moja, hapunguzi, haongezi. Na moyoni, kitu ambacho hakumwambia mtu, alitamani siku zote kuwa mwimbaji.

"Nenda kila kijiji," akaambiwa. "Tangaza ya kuwa wimbo wa Chura ni marufuku."

Hondohondo akaruka. Kijiji cha kwanza, kwa kima wa mbali, ambao siku ya ngoma hawakuwako. Puu! Puu! Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Wakatoka wote.

"Kwa amri ya Mfalme! Wimbo wa Chura ni marufuku!"

"Wimbo upi?" wakauliza.

"Ule wa Chura."

Bibi mmoja wa kima, hana jino, akasema, "Mwanangu, Chura ana nyimbo mia. Mimi hapa naimba wake wa kutwangia kila asubuhi. Unataka nifungwe bure, uzee huu? Tuambie ni upi, tuukwepe."

Hondohondo akafikiri. Bibi alikuwa na haki. "Ule usemao 'Mfalme, tangulia.'"

"Unakwendaje?"

Hondohondo akatazama kushoto, akatazama kulia. Kazi ni kazi. Akasafisha koo, akauimba wote, na mahali pa "onja wewe kwanza" akatia madoido kidogo.

"Aa, ndio huo!" wakasema kima. "Rudia, baba, tusije tukakosea tukauimba!"

Akarudia. Akarudia mara tatu. Alipoondoka, kijiji kizima kilikuwa kinajua vizuri kabisa kitu kisichoruhusiwa kuimbwa, na watoto walikuwa wanakikatikia viuno. Ikawa hivyo kijiji cha pili. Ikawa hivyo kijiji cha tatu. Siku tano Hondohondo alizunguka, na Bondeni hakubaki mjusi asiyeujua wimbo ule. Akarudi amechoka, amefurahi, akasema, "Mtukufu, nimewafahamisha wote."

Siku ya sita Mfalme aliamka akamsikia mpishi wake jikoni anavuma, "Mmm-mmm, mmm-mmm-mmm." Akapiga kelele, "Mlete Chura!"

Hapa msicheke.

Walimkamata Koromeo dimbwini, askari wanne, mbweha wote. Wakamtia mtungini. Mtungini akaimba, na mtungi, kama mjuavyo, hukuza sauti, jumba lote likatetemeka: *Mfalme, tangulia!* Basi Fisi akaja na ukindu. Akamfunga koo. Akakaza. Akakaza tena. Koromeo akajaribu kuimba, isitoke sauti. Fisi akafunika mtungi, akaweka jiwe juu. Naona hasira kusimulia haya. Kumfunga koo mtu kwa sababu amesema usimuue rafiki yangu!

Siku ya saba. Jeshi likapangwa ukingoni mwa kijito. Mbele walisimama swala, na kila swala alikuwa na kobe kifuani, amefungwa kwa kamba. Kobe wetu alikuwa katikati kabisa. Ng'ambo, nungunungu walikuwa wamejipanga, miiba juu, wanaitikisa. Chaka! Chaka! Chaka! Nyuma ya jeshi, nyuma kabisa, nyuma ya mawe na nyuma ya waliobeba mawe, alisimama Mfalme. Na nyuma ya Mfalme alisimama Fisi, na sahani.

Hapakuwa na mwimbaji. Fisi alikuwa amewaleta wale mbweha wanne, wakaambiwa walie chochote. Wakalia. Miguu ya jeshi ikaanza kunyanyuka, mmoja mmoja, kwa unyonge.

Kobe akatazama ile miiba. Akamtafuta Koromeo kwa macho, hakumwona. Akaingiza kichwa ndani ya gamba. Humo ndani mlikuwa na giza na usalama, na angeweza kukaa humo. Mwiba ungeingia tu, lakini angalau asingeuona ukija.

Akatoa kichwa. Akafungua mdomo. Ikatoka sauti mbaya, jamani! Sauti ya mlango mbovu. Lakini ilitoka.

"M-Mfalme... ta-tangulia..."

Swala aliyembeba akasimama. Jirani yake akasimama.

"Mfa-Mfalme, tangulia! Vi-vita vyako vitamu..."

"Nyamazisha hiyo ngao!" akafoka Fisi kutoka nyuma. "Hondohondo! Marufuku! Tangaza marufuku, upesi!"

Hondohondo, mtumishi mwaminifu, asiyepunguza, asiyeongeza, akaruka juu ya jeshi lote. Puu! Puu!

"Kwa amri ya Mfalme! Ni marufuku kuimba wimbo ufuatao!"

Akauimba. Akauimba kwa kifua chote, kwa baragumu lote la pua, na madoido yake yote:

*Mfalme, tangulia,*
*Mfalme, tangulia!*

Na jeshi zima likaitikia:

*Vita vyako vitamu,*
*Onja wewe kwanza,*
*Sisi tutafuatia!*

Wakageuka. Wakagawanyika katikati, swala huku, kima huku, wakaacha njia pana, safi, iendayo moja kwa moja mpaka kijitoni. Wakamtazama Mfalme. Hakuna aliyemtukana. Walimkaribisha tu.

Mfalme akatembea. Angefanyaje? Hatua moja, mbili, tatu. Akafika mbele. Nungunungu wakatikisa miiba. Chaka! Chaka! Chaka!

"Nimekumbuka kitu," akasema Mfalme.

"Kitu gani, Mtukufu?" wakauliza wote kwa adabu.

 Pembeni palikuwa na shimo lililochimbwa na mnyama aitwaye muhanga. Mfalme hakutaka kuwapa nungunungu mgongo, wala hakutaka kuwapa watu wake mgongo. Akaingia shimoni kinyumenyume, meno yametazama nje. Kwa hiyo msije mkasema hakutangulia. Alitangulia, ila alitanguliza matako. Na mpaka leo ngiri huingia shimoni hivyo hivyo.

Fisi alikuwa ameshakimbia. Sahani aliiacha.

Swala wakakata kamba. Makobe wakashuka. Kobe hakusubiri pongezi. Alikwenda mbio, mbio za kobe, mpaka jumbani, na kwa kuwa alichelewa, alikuta wenzake wameshaliondoa jiwe. Yeye mwenyewe akaukata ule ukindu kwa mdomo wake.

"Ndugu yangu," akasema, "nimeimba! Vibaya sana! Sasa imba wewe, mimi nipige."

Koromeo akajaza mashavu. Akafungua mdomo.

*Kroo.*

Akajaribu tena. *Kroo. Kroo.*

Ukindu ulikuwa umekaa kooni siku nzima na usiku mzima. Ile sauti ya uji na asali ilikwisha, na haikurudi. Kobe alilia. Koromeo akamtazama Kobe, mzima, gamba halina hata tundu moja. Akajaza mashavu mara ya tatu, *kroo*, na safari hii alikuwa anacheka.

Kwa hiyo ninyi mnaowatupia vyura mawe mvua ikinyesha, mnaosema sauti gani hii mbaya inatunyima usingizi, wekeni mawe chini. Koo lile liliumia kwa ajili ya watu.

Fundisho ni hili, nalisema wazi ili asiwepo wa kusema hakusikia. Anayesifu vita na atangulie yeye. Na ukiliziba koo moja linalosema kweli, jiandae kuyasikia makoo yote.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, nendeni nayo nyumbani. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi, sahani yake ipo.